Timu yenye wastani mkubwa wa retingi inamaliza chini ya yenye wastani mdogo, nguvu ya timu inapimwaje?

mgebuka_mbichi

Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma hapa Mwanga, nina jambo linaninyima raha, naomba msaada maana imefika mahali watu wananiangalia vibaya.

Tuko washkaji kumi, tuna ligi yetu ya kufikirika ya mpira kwenye ekseli, mimi ndo niliyeitengeneza na laptopu ni yangu. Timu zina majina ya mitaa, Ujiji, Gungu, Bangwe, Katonga, Kibirizi, Katubuka na nyingine, wachezaji wote wa kubuni, kila mmoja ana retingi yake kuanzia 1 mpaka 99 kama kwenye magemu, na kabla ya msimu tunafanya mnada kibarazani kila mtu anaunda kikosi chake kwa pointi sawa na mwenzake. Baada ya hapo kompyuta ndo inacheza, nyumbani na ugenini, kila timu mechi 18, jumla 90. Jioni watu wakitoka kazini tunakaa tunasoma matokeo na kelele zake ni kama tuko uwanjani.

Sasa shida iko hivi. Kabla ya msimu nilibandika ukutani jedwali la nguvu za timu, nilichukua retingi za wachezaji 11 wa kwanza nikajumlisha nikagawa kwa 11, basi. Gungu wakatoka wa kwanza na 74.5, Bangwe wakawa wa nne na 73.1. Ligi imeisha Bangwe bingwa kwa pointi 34, Gungu wana 25, na walipokutana Bangwe kashinda zote mbili. Na hapo ndo pabaya, Bangwe ni timu ya mdogo wangu wa kuzaliwa, tunakaa nyumba moja. Mwenye Gungu kasema mbele ya watu kwamba nimechakachua. Sijachakachua wakuu, namheshimu sana yule jamaa tumesoma wote, na kesho kutwa tunakaa kikao cha msimu mpya. Nataka niende na maelezo ya kueleweka, siyo viapo.

Swali langu: wastani wa retingi ndo kipimo sahihi cha kulinganisha timu au kuna njia nyingine?

kipa_mstaafu

Weka vikosi tuone, wastani peke yake hauoneshi kitu. Mimi nimedaka timu za mtaa Ujiji miaka kibao na nakwambia timu inaweza kuwa na mafundi mbele halafu nyuma pakawa wazi kama soko la Jumapili usiku, ukigawa kwa 11 vyote vinachanganyika vinakuwa uji.

mgebuka_mbichi

Hivi hapa kaka.

Gungu: kipa 60. Mabeki 68, 69, 70, 70. Viungo 76, 77, 78. Mbele 82, 84, 86.

Bangwe: kipa 76. Mabeki 74, 74, 75, 75. Viungo 72, 73, 73. Mbele 69, 71, 72.

kipa_mstaafu

Si ndo hayo. Kipa 60! Huyo jamaa wa Gungu pointi zote kamalizia mbele, kipa kaokota mwishoni na chenji iliyobaki. Na angalia wastani unavyomficha, ukimtoa kipa wa 76 ukaweka wa 60 tofauti ni 16, ukigawa kwa 11 timu inashuka pointi moja na nusu tu, kwenye jedwali lako hata haionekani, lakini uwanjani kila mpira unaolenga goli lazima upite kwake. Beki akikosea kuna mwenzake anafuta, straika akikosa kuna mwingine, kipa akikosea hakuna mtu nyuma yake.

Mdogo wako anajua mpira, mpe pongezi.

mwalimu_isevya

Salaam kutoka Tabora. Nafundisha hesabu sekondari na ligi za namna hii nazipenda mno, wanafunzi wangu wangeelewa uwezekano kwa wiki moja kama ningewapa hiyo faili yako.

Mambo mawili kijana wangu. La kwanza ni bahati, watu huwa wanaisahau. Chukua timu ya kawaida kabisa, kila mechi ina nafasi 38 kwa mia ya kushinda, 25 ya sare, 37 ya kufungwa. Kwa mechi 18 inatakiwa ipate kama pointi 25. Lakini ukipiga hesabu ya mtawanyiko wake unapata kama 5 na nusu, maana yake timu ileile, wachezaji walewale, ukiichezesha misimu mitatu, kwa makadirio miwili itaangukia kati ya 19 na 31 na mmoja utatoka nje ya hapo. Sasa ukiwa na timu mbili kila moja inayumba hivyo, pengo kati yao linayumba zaidi, kama 8. Kwa hiyo pengo la pointi 9 kati ya Bangwe na Gungu linaweza kutokea hata kama timu hizo ni sawasawa kabisa, siyo kila msimu ila siyo muujiza pia. Na hata kwenye mpira wa kweli vitu vinatokea, sisi huku Novemba 2024 Tabora United ilikwenda Chamazi ikamfunga Yanga 3-1, nani angeweka hiyo kwenye jedwali lake la retingi?

La pili ndo kubwa. Retingi ni namba tu mpaka fomula yako iigeuze kuwa magoli. Kompyuta haiujui wastani wako wala haiusomi. Tuoneshe goli linapatikanaje humo ndani, hapo ndo tutajua nani ana nguvu.

mgebuka_mbichi

Shikamoo mwalimu, nashukuru sana. Fomula ni hii, niliitunga mwenyewe miaka miwili iliyopita.

Kwanza mashuti yanayolenga goli. Nachukua wastani wa viungo wa timu nagawa kwa wastani wa mabeki wa mpinzani nazidisha kwa 4. Halafu kila shuti nafasi ya kuwa goli ni wastani wa washambuliaji gawanya kwa jumla ya washambuliaji na kipa wa mpinzani mara mbili. Kipa nilimzidisha mara mbili kwa sababu mwanzoni mechi zilikuwa zinaisha 5-4 kila siku, watu wakalalamika. Mwenyeji anaongezewa mashuti kidogo, sawa kwa timu zote. Baada ya hapo ni namba za bahati nasibu, nabofya F9 mechi inachezwa.

mwalimu_isevya

Marahaba. Sasa twende taratibu, uwanja tuuache pembeni kwanza.

Gungu wakishambulia: viungo 77, mabeki wa Bangwe 74.5, mara 4, mashuti 4.13. Kila shuti: 84 gawanya kwa 84 jumlisha 152, ni 0.356. Magoli kwa mechi 1.47.

Bangwe wakishambulia: viungo 72.7, mabeki wa Gungu 69.25, mara 4, mashuti 4.20. Kila shuti: 70.7 gawanya kwa 70.7 jumlisha 120, ni 0.371. Magoli 1.56.

Umeona? Straika wa Bangwe wa 71 anamfunga kipa wa Gungu kirahisi kuliko straika wa 84 anavyomfunga kipa wa Bangwe. Kwa fomula yako wewe Bangwe ndo timu kali wakikutana wawili hao, kidogo tu lakini ndo kali, na ilikuwa hivyo tangu siku ya mnada kabla hujabofya chochote.

Nenda mbele zaidi, hiki ndo cha kupeleka kwenye kikao. Mwenye Gungu mpe pointi 10 za bure. Akiziweka kwa straika mmoja, safu ya mbele inapanda kutoka 84 hadi 87.3, anafunga 1.51 badala ya 1.47, faida yake magoli 0.04 kwa mechi. Akiziweka kwa kipa akawa 70, Bangwe wanashuka kutoka 1.56 hadi 1.41, faida 0.15. Mara nne! Na kwenye jedwali lako la ukutani pointi hizo 10 zina uzito uleule popote zinapowekwa, wastani unapanda 0.9. Kipimo chako kilikuwa kinamhesabu kipa kama mtu mmoja kati ya 11 wakati fomula inamtumia kwenye kila shuti, tena mara mbili.

Kwa hiyo acha wastani. Tengeneza timu moja ya mfano, kila namba iwe wastani wa ligi nzima, kisha kila timu ipige hesabu dhidi ya hiyo: itafunga ngapi, itafungwa ngapi. Tofauti ndo nguvu ya timu. Halafu chezesha msimu mzima mara 1000 uandike kila timu imekuwa bingwa mara ngapi, hiyo ikifanyika hadharani nani atabisha?

bi_takwimu

Mimi ningependekeza Elo, mnajisumbua bure na retingi za wachezaji. Ni mfumo wa Arpad Elo wa kwenye chesi, na FIFA wenyewe viwango vya timu za taifa za wanaume wanatumia mfumo wa aina hiyo tangu 2018. Kila timu inaanza na 1500, ukimfunga mkubwa unachukua pointi nyingi, ukimfunga mdogo unapata kidogo. Ukimzidi mtu pointi 100 unategemewa kupata kama 64 kwa mia ya matokeo, ukimzidi 400 kama 91. Hauangalii nani straika nani kipa, unaangalia umefanya nini uwanjani, na huo hauna mdogo wangu wala kaka yangu.

mwalimu_isevya

Dada yangu Elo naikubali, tena kwa timu za kweli ndo naipenda zaidi kwa sababu ndani ya mchezaji wa kweli hatuwezi kuchungulia. Lakini Elo inajifunza kutokana na matokeo, na matokeo yakiwa 18 tu inabeba na ile bahati niliyoisema. Msimu huu ingempa Bangwe juu mbali na Gungu wakati tumeona wanapishana kidogo sana. Na mnada ukifanyika wachezaji wanahama, pointi za msimu uliopita zinakuwa za kikosi ambacho hakipo tena. Kijana fomula anayo mkononi, kwa nini akisie kitu anachoweza kukipigia hesabu?

bi_takwimu

Hapo kwenye mnada umenishika mwalimu, sikuwaza kwamba vikosi vinavunjwa kila msimu. Basi Elo iwe ya kumbukumbu ya mtaa tu, mtu ajivunie historia yake.

mwanga_stendi

Naingia kwa upande mwingine, mimi fomula yenyewe naona ina kasoro. Kwako wanaofunga ni wa mbele tu, kiungo akiwa na mguu au beki mwenye kichwa hana faida yoyote kwenye kufunga. Wote hapa Kigoma tunakumbuka fainali ya kombe la shirikisho Julai 2021 pale Lake Tanganyika, Simba na Yanga, mji ulijaa mpaka watu wakakosa pa kulala. Lile goli moja alifunga nani? Taddeo Lwanga, kiungo mkabaji, kwa kichwa mpira wa kona. Kwenye ekseli yako lile goli haliwezi kutokea hata ukibofya mpaka kesho. Ningeweka mbele 70 kwa mia, viungo 20, mabeki 10 kwenye nguvu ya kufunga, na kipa awe mara moja na nusu siyo mara mbili.

kipa_mstaafu

Kipa mwacheni mara mbili.

mwanga_stendi

Kaka nakuelewa unatetea kazi yako, ila sasa hivi akijulikana ndo siri ya ubingwa basi msimu ujao kila mtu anagombania kipa, mnada wote unakuwa wa watu wawili watatu na straika wa 86 anauzwa bei ya dagaa. Fomula ikibadilishwa itangazwe kabla ya mnada, siyo baada.

mgebuka_mbichi

Wakuu nimerudi. Usiku wa jana sikulala mapema, nimechezesha msimu uleule na vikosi vilevile mara 1000, laptopu ikawa ya moto nikaiwekea feni. Timu zote mbili zimechukua ubingwa mara nyingi, Bangwe wanazidi ila siyo kwa mbali. Halafu nikamweka Gungu kipa wa 70 bila kugusa kingine, akampita Bangwe.

Asubuhi kabla ya kikao nilimfuata mwenye Gungu kazini kwake gereji, nikampa faili lote na fomula, nikamwambia bofya mwenyewe. Kabofya kama nusu saa, mafundi wenzake wanamwita hasikii. Kasema mbele yao kwamba alinikosea, nikamwambia na mimi nilikosea kubandika jedwali ambalo mashine hailifuati, kama lile jedwali lisingekuwepo asingejiona wa kwanza. Yameisha.

Kikao tumekubaliana: fomula inasomwa kwa sauti kabla ya mnada, viungo na mabeki wanaanza kuchangia magoli kama alivyosema mwanga_stendi, na jedwali la ukutani litakuwa la magoli ya kutegemea dhidi ya timu ya mfano. Kuhusu kipa tumepiga kura, mara mbili imeshinda sita kwa nne. Mdogo wangu alipiga kura ya kupunguza.

Mwalimu faili nakutumia kwa ajili ya wanafunzi, ukurasa wa pili kuna seli za njano usiziguse, zikifutwa mechi zote zinakuwa 0-0.