Familia ya Babu (Tukuyu, Mbeya, Dar na popote)

Jumanne, jioni

Ipyana: Shikamooni wakubwa. Naleta taarifa ya tiketi maana kila mtu ananipigia kivyake. Hela haijarudi. Leo siku ya tisa tangu ile mechi ya Jumapili hapa Mbeya ivunjike kwa mvua na meseji ya watu wa tiketi ilisema hela itarudi ndani ya masaa 72

Baba Mdogo Gwakisa: Marahaba mwanangu. Walikujibu nini mara ya mwisho

Ipyana: Jana nimepiga mara nne baba mdogo, ya nne ndo wakapokea, dada akaniambia kwenye mfumo tiketi zangu zinasoma ZIMETUMIKA kwa hiyo hakuna cha kurudisha. Nikamwambia dada yangu zimetumika kuingilia getini sawa, ila mpira wenyewe tumeangalia dakika 31 tu, ikashuka ile mvua ya kwetu mnaijua, uwanja ukawa bwawa, refa akaudondosha mpira pale katikati haukudunda, ukakaa palepale kama jiwe, akaita manahodha wote wawili wakaangalia akapuliza. Tumekaa saa nzima na zaidi tunasubiri ndo wakatangaza dakika zilizobaki zitapigwa kesho saa nne asubuhi

Ipyana: Jumatatu hiyo. Saa nne. Watu wako makazini watoto wako shule

Lusajo: Mi nilienda hiyo Jumatatu. Niliomba ruhusa kwa bosi nikamwambia nina dharura, nimefika getini jamaa anascan ile code ya tiketi kwenye simu yangu mashine inapiga mlio inawaka nyekundu, tiketi imeshatumika. Namuonyesha mbona ni ya jana na mechi ni ileile haijaisha, anasema mi kazi yangu ni mashine kaongee na watu wa tiketi. Dirisha la tiketi limefungwa. Basi nimesimama nje pale ukutani na wenzangu kama thelathini hivi, goli tumelisikia kwa kelele za watu ndani

Dada Bupe: Jamani Lusajo 😢

Lusajo: Iliniuma dada. Kwa sababu sikuiba, nimelipa

Shangazi Tumpe: Na Babu yenu hamjamtaja. Yule mzee miaka 74 alikuwa anaongelea hiyo mechi tangu mwezi uliopita, kila jioni ananiuliza Tumpe ni Jumapili hii au ijayo, amevaa koti lake la kanisani, tumetoka huku Tukuyu alfajiri na Coaster, na yeye ndo aliyekatiwa ya jukwaa kuu elfu kumi ili akae chini ya paa. Kutoka uwanjani mpaka tumefika stendi ya Nane Nane kulowa kulikuwa kwa hali ya juu, usiku kucha amekohoa

Mama Atu: Pole sana mama. Sasa anaendeleaje

Shangazi Tumpe: Kifua kimeachia. Anakunywa uji. Anawasalimia

Baba Mdogo Gwakisa: Ndaga fijo Tumpe kwa kumtunza. Mimi haya mambo yameshanikuta wanangu. Mnakumbuka Machi 8 mwaka 2025 ile dabi ya Kariakoo, Simba na Yanga. Nilitoka hapa Mbeya na basi kilomita zaidi ya 800, nimefika Dar asubuhi sijalala, tiketi mkononi, jezi nimevaa, mchana tunasikia Simba hawaleti timu kwa sababu walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mechi, mara Bodi ya Ligi imeahirisha. Watu wamejaa nje ya uwanja wa Mkapa hawajui waende wapi. Imekuja kupigwa Juni 25, siku ya Jumatano, mimi niko kwenye lori Tunduma. Yanga wakashinda 2-0 nikasikiliza redioni

Baba Mdogo Gwakisa: Mpira ukiahirishwa wanaongelea ratiba, viporo vya mechi ambazo hazijachezwa, pointi. Mtu aliyelala kwenye basi hayumo kwenye kikao chochote

Lusajo: Hapo umesema baba mdogo

Mjomba Ambokile: Nimesoma yote. Mi ushauri wangu hiyo hela iacheni, ni elfu thelathini kwa watu watano, Ipyana unamaliza vocha na muda wa kazi kufuatilia. Mvua ni ya Mungu

Ipyana: Mjomba shikamoo. Mvua ni ya Mungu sijakataa na timu siilaumu na refa simlaumu, alifanya vizuri kuvunja maana wachezaji wangeumia. Ila hela si ya Mungu mjomba ile ilitoka kwenye simu yangu kwa sekunde tatu na makato juu. Kuingia sekunde tatu kurudi siku tisa

Mama Atu: Kaka Ambokile naomba nikupinge kwa heshima. Ukisema ni elfu thelathini unahesabu sisi tu. Uwanja ulikuwa na watu wangapi? Kila familia ikisema ni hela ndogo iacheni, aliyebaki nazo zote kwa pamoja si ndogo kwake. Na kesho mvua ikinyesha tena atafanya vilevile kwa sababu hakuna aliyeuliza

Mjomba Ambokile: Nimekuelewa dada. Endeleeni

Atu: Mama mi nina kitu. Mnakumbuka ile fainali ya UEFA 2022 kule Paris Liverpool na Real Madrid, ile ilichelewa dakika 36 watu wamebanwa kwenye mageti wakapigwa mabomu ya machozi. Mechi ILICHEZWA mpaka mwisho, Liverpool tukafungwa 1-0. Lakini Machi 2023 UEFA wakatangaza watarudisha hela za tiketi za mgao wa Liverpool, zilikuwa 19,618. Kwa hiyo hata tiketi ikiwa imetumika inawezekana. Imetumika maana yake nini kama hujapata ulicholipia

Lusajo: Atu mdogo wangu 👏👏 andika hivyohivyo tuwatumie

Ipyana: Ila hiyo nayo imechukua zaidi ya miezi tisa

Atu: Ndio lakini hawakuacha kudai kaka

Dada Bupe: Habari za huku Uingereza, natoka zamu ya usiku ndo naona meseji. Huku wana kriketi, mchezo mmoja unaweza kwenda siku tano na mvua ya huku kila siku inanyesha, kwa hiyo wameshaandika kabisa kwenye masharti ya tiketi kwamba zikirushwa ova chache sana (ova moja ni mipira sita inayorushwa) siku hiyo unarudishiwa yote, zikizidi hapo mpaka kiasi fulani unarudishiwa nusu, zikizidi zaidi basi hupati. Hakuna ugomvi getini maana kipimo kinajulikana kabla hujalipa. Mbeya nako mvua si mgeni, Novemba mpaka Aprili huko mnajua wenyewe. Kwa nini mtu auze tiketi Machi bila kuandika mstari mmoja wa mvua

Baba Mdogo Gwakisa: Hata huko kwetu mwanangu. Aprili 2024 JKT Tanzania na Yanga kule Dar uwanja ulijaa maji wakaisogeza kesho yake. Kwa hiyo si kitu kipya hiki, hakijaanza na sisi

Mama Atu: Dakika 31 kati ya 90 ni theluthi. Mimi hata wakisema warudishe theluthi mbili nitasema wamekuwa waungwana. Au wangesema code ile ya tiketi ya Jumapili ifunguliwe Jumatatu, Lusajo angeingia na mambo yangeisha palepale. Hicho ndo kinanisumbua, dawa ilikuwa bure

Lusajo: Kabisa mama. Mi ningeingia nisingedai hata mia

Ipyana: Sasa kuna jambo la Babu. Hizi tiketi nne za mzunguko, yale majukwaa ya kawaida, elfu tano tano nilinunua kwa simu kwa hiyo namba ya muamala ninayo. Ila ya Babu elfu kumi tulilipa keshi dirishani, wanataka ile karatasi. Shangazi ile karatasi ipo?

Shangazi Tumpe: Ipyana baba

Shangazi Tumpe: Nilitaka kukwambia nikawa naona vibaya. Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa koti, imelowa chapachapa imekunjamana, nikaitandika taratibu juu ya meza nikaona maandishi bado yanasomeka, sasa nikasema niipige pasi kidogo inyooke na ikauke. Nimeigusa tu na pasi ikawa nyeusi yote. Nyeusi tii kama masizi. Sikujua kama zile karatasi za mashine zikipata moto zinafanya hivyo

Shangazi Tumpe: Nisameheni

Mama Atu: Hapana wifi usiombe msamaha, ulikuwa unaitunza

Ipyana: Shangazi usijali kabisa. Usiitupe lakini. Hata ikiwa nyeusi itunze

Shangazi Tumpe: Ipo ndani ya Biblia ya Babu

Dada Bupe: Pembeni ya karatasi huwa kuna namba za siti hebu angalia kama upande mmoja umebaki

Shangazi Tumpe: Ngoja nichukue miwani

Shangazi Tumpe: Kona ya chini imebaki nyeupe kidogo. Naona 0 4 7 halafu kama 1 au 7. Nimepiga picha nimeituma

Ipyana: Hiyo inatosha kuanzia. Na picha ya Babu amekaa jukwaani na ile karatasi mkononi ninayo, nilimpiga kabla ya mpira kuanza. Nikivuta karibu inasomeka 0471

Lusajo: 0471!!! Mungu mkubwa

Mama Atu: Sikilizeni sasa, tusipige simu tena maana simu haina ushahidi. Ipyana andika barua fupi ukurasa mmoja, tarehe, namba za miamala, dakika 31, kilichompata Lusajo getini Jumatatu, na hiyo picha ya Babu. Peleka kwa mkono ofisini kwao wakugongee muhuri nakala yako. Wakikaa kimya ndo tunaipeleka Tume ya Ushindani, ile FCC, sheria yake ya 2003 inamlinda mlaji na aliyenunua tiketi ni mlaji kama aliyenunua sukari. Nimeshaisaidia shule yetu mambo ya hivi najua barua inavyosogeza watu

Mjomba Ambokile: Barua nitaichapa mimi hapa stationari, msilipe. Ipyana nitumie maneno

Ipyana: Ndaga mjomba. Natuma usiku huu

Baba Mdogo Gwakisa: Na waliokuwa nje ya ukuta na Lusajo? Wale thelathini

Lusajo: Nina namba za sita baba mdogo. Wawili bodaboda wa Uyole, mmoja mama anauza ndizi Mwanjelwa alikuja na mwanae. Nawapigia sasa hivi

Jumatano, asubuhi

Mjomba Ambokile: Barua tayari, nakala tatu. Nimeweka majina tisa mpaka sasa

Lusajo: Yule mama wa Mwanjelwa kasema anakuja mwenyewe kusaini

Shangazi Tumpe: Babu anauliza kama na yeye asaini

Ipyana: Asaini shangazi, wa kwanza kabisa. Nakuja Tukuyu kuchukua sahihi yake na ile karatasi, nipo kwenye gari hapa Uyole inajaza