USHAURI: Simu inammaliza mdogo wangu na mtihani umebaki wiki 9

Mzaliwa_wa_Kwanza
Wakuu, habari za jioni. Nina mdogo wangu wa kike, miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari. Namlea mimi. Darasani alikuwa mtoto wa kupigiwa mfano, kemia hashuki chini ya 70. Muhula uliopita akaleta 54. Jaribio la juzi kaleta 41. Mtihani wa mwisho umebaki wiki 9.

Chanzo ni simu, na simu yenyewe nilimnunulia mimi nikiamini itamsaidia kusoma. Usiku saa 7 nikiamka nakuta mwanga chini ya shuka lake. Asubuhi macho mekundu, hasemi na mtu. Zamani tulikuwa tunacheka wote mpaka majirani wanauliza kuna nini.

Mliofanikiwa kumtoa kijana kwenye simu, mlitumia njia gani? Sitaki kumpiga, na sitaki kumpoteza.

Msumari
Mkuu, mwenye nyumba ni wewe. Zima intaneti saa 3 usiku, simu zote zilale sebuleni, ya kwako ikiwa ya kwanza. Ukimwambia aweke yake halafu wewe unaingia na yako chumbani, umeshindwa kabla hujaanza.

Shangazi_Mpole
Pole mwanangu. Watoto wa siku hizi tuko nao sebule moja lakini hawapo. Unamsemesha, anaitikia "eeh", kidole kinapandisha picha. Kaa naye, mwombee, mkumbushe alikotoka. Msumari naye asikutie ukali.

Chaki_Nyeupe
Nafundisha, mwaka wa 14 sasa. Mwanafunzi akiwa na simu mezani, hata ikiwa kifudifudi na haitoi sauti, sehemu ya akili yake inahangaika kuizuia isimwite. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas kilichoko Austin waliwapima watu karibu 800: wengine simu mezani, wengine mfukoni au kwenye begi, wengine chumba kingine. Walioziacha chumba kingine ndio waliofanya vizuri zaidi. Waliorudia jaribio hilo baadaye hawakupata jibu lilelile kila mara, kwa hiyo siliapii, lakini darasani kwangu naliona kila siku. Na kwenye PISA ya 2022, ule upimaji wa kimataifa wa wanafunzi, wa miaka 15 katika nchi za OECD, jumuiya ya nchi ambazo nyingi ni tajiri, karibu 65 katika kila 100, walisema vifaa vya kidijitali huwatoa kwenye hesabu angalau katika baadhi ya vipindi.

Mimi wangu nawaambia hivi: simu chumba kingine, soma dakika 40, kisha funga kitabu ujiulize umeshika nini. Halafu usingizi, jamani. Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa 8 hadi 10. Anayelala saa 8 usiku na kuamka saa 12 asubuhi, hiyo kemia itakaa wapi?

Wino
Mwalimu, na wanaotengeneza hizi programu tuwaache? Ule ukurasa usio na mwisho, unaoshuka kadiri unavyoshuka nao, mbunifu wa programu aitwaye Aza Raskin aliubuni 2006, na baadaye mwenyewe akasema anajuta. Mtoto wa miaka 17 anapambana na watu wazima wanaolipwa ili asitoke mle ndani. Australia ilipitisha sheria Novemba 2024 ya kuwazuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti za mitandao ya kijamii, ikaanza kazi tarehe 10 Desemba 2025. Ufaransa ilishazuia simu kwenye shule za msingi na za kati tangu 2018. Huu mzigo ni wa serikali, tusimtwishe kaka mtu peke yake.

Msumari
Wino, mtihani ni wiki 9. Hiyo sheria itapita lini?

Baba_Pacha
Enzi zangu ilikuwa redio. Nilikuwa na kiredio kidogo, nakiingiza chini ya mto, nasikiliza mpira mpaka dakika ya 90. Mzee akakikuta. Hakusema neno, akakifungia. Mnajua nilifanya nini? Nililala chali gizani nikawa natangaza mpira kimoyomoyo, na timu yangu ikawa inashinda kila siku. Kitabu sikukigusa hata ukurasa mmoja zaidi ya nilivyokuwa nakigusa mwanzo. Sijui kama inasaidia, nimekumbuka tu.

Kidoti
Mleta mada, swali moja. Kati ya 54 na 41 kilitokea nini? Kama ni simu, alikuwa nayo muda wote huo.

Mzaliwa_wa_Kwanza
Nilimnyang'anya. Simu iko kabatini kwangu, leo ni wiki ya 3. Sikuona sababu ya kulitaja kwa kuwa nilichokuwa natafuta ni njia bora kuliko ile niliyoitumia.

Kidoti
Sawa. Na ulipoichukua, ulikuta nini ndani?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Kaka zangu na dada zangu, nimekaa na hili swali saa 2 nzima.

Nilikuta gumzo na rafiki yake mmoja wa kike. Wamekaa dawati moja tangu wadogo, mwaka jana familia ya yule binti ikahamia mbali. Kila usiku, kuanzia saa 4 mpaka saa 7. Sauti ndefu, vikopa, "nimekukumbuka hadi tumbo linauma." Nikapandisha juu, nikapandisha, ni hivyo hivyo miezi. Nikasema huyu ndiye anayemla mdogo wangu. Nikaandika kwa simu ya mdogo wangu, kana kwamba ni yeye: "Nina mtihani. Usinitafute tena." Nikambloki. Mdogo wangu hajui. Anajua nimechukua simu, basi.

Kabla hamjanirukia: mimi ndiye nitakayeulizwa akifeli. Na nimeshamtafutia nafasi ya bweni, nimelipa nusu ya ada, Jumatatu anaondoka. Kule simu haziruhusiwi. Naona ni kwa faida yake.

Shangazi_Mpole
Mwanangu, umesema uongo kwa mdomo wa mtoto. Hilo la simu tungelimaliza kwa maongezi. Hili la pili limenikaa kooni.

Msumari
Mimi namtetea kidogo. Mkono wa mlezi ukiogopa unashika chochote. Ila bweni ungemwambia mapema, siyo mtu anashtukia begi limepangwa.

Chaki_Nyeupe
Hizo sauti ulizisikiliza?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Mbili tu.

Chaki_Nyeupe
Zilikuwa zinasema nini?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Ya kwanza yule binti anacheka mwanzo mpaka mwisho. Ya pili anauliza, "Kwa nini sodiamu inachachamaa kwenye maji baridi na magnesiamu imetulia? Usiangalie kitabu." Kisha kimya kirefu, unasikia anapumua, kisha anasema "haya, jibu."

Chaki_Nyeupe
Mkuu, walikuwa wanapimana. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Kundi moja likarudia kusoma, jingine likafunga kitabu na kujaribu kukumbuka. Baada ya wiki moja waliorudia kusoma walikumbuka 42%, waliojipima 56%. Nimewahubiria wanafunzi wangu jambo hilo miaka na miaka na wachache sana wananisikia, na hawa mabinti wawili walikuwa wanalifanya wenyewe, kwa sauti, kila usiku. Ile 54 naiweka kwenye usingizi, kwa sababu saa 7 ni usiku mno na hapo hukukosea kuingilia. Ila ile 41 ndugu yangu ukae nayo vizuri.

Mzaliwa_wa_Kwanza
Mwalimu, ningejuaje? Mtu akiona mwanga saa 7 na vikopa, anawaza kemia?

Jicho_Kavu
Wakuu, mnanyweshwa chai hapa. Rudini bandiko la kwanza. "Usiku saa 7 nikiamka nakuta mwanga chini ya shuka lake." Anakuta, siyo alikuwa anakuta. Sasa tunaambiwa simu iko kabatini wiki ya 3. Huo mwanga ni wa nini? Mtunzi kajisahau. Ama tuseme anayeandika ni binti mwenyewe, anatafuta watu wazima wa kumsemea kabla ya Jumatatu.

Baba_Pacha
Hata mimi pale kwenye sodiamu nilisita. Nani anakumbuka sauti neno kwa neno?

Wino
Kama ni chai nitaumia, maana nimeshamsomea mke wangu uzi mzima.

Mzaliwa_wa_Kwanza
Nakumbuka neno kwa neno kwa sababu nimeirudia nikiwa naandika hapa. Na mwanga nimeuona mpaka jana. Niliamini ameazima simu kwa mwenzake shuleni. Ndiyo maana niliharakisha bweni. Sina cha kuwathibitishia.

Kidoti
Hiyo simu ya kuazima umeiona kwa macho?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Hapana.

Kidoti
Basi leo ukiuona huo mwanga usimvizie. Gonga mlango, muulize.

Mzaliwa_wa_Kwanza
Saa 8 kasoro usiku. Nimegonga.

Ni tochi. Ile ndogo ninayoweka karibu na mita ya umeme, nilidhani imepotea. Ana daftari la kemia, amelianza kwa nyuma. Kila usiku ukurasa mmoja, tarehe juu. Kushoto maswali kwa mwandiko wake, matano au sita. Kulia ameandika jina la rafiki yake, nukta mbili, halafu mistari mitupu. Kurasa 19. Chini ya ule wa jana: "Nikirudishiwa nitakutumia yote kwa mkupuo. Usichungulie kitabu."

Nimemwambia. Yote. Aliniomba niisome ile meseji kwa sauti, nikaisoma. Hakulia. Aliuliza niliituma tarehe ngapi. Nikamtajia. Akafungua daftari mpaka tarehe hiyo, akatazama maswali aliyoyaandika usiku ule, akafunga.

Shangazi_Mpole
Nimelia mimi kwa niaba yake.

Jicho_Kavu
Tochi, kurasa 19, tarehe juu. Bado sina hakika na wewe. Lakini kama ni kweli, unafanya nini hapa saa 8 usiku na yule rafiki bado umembloki?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Nimeshamfungulia. Simu nimempa mwenyewe aandike, mimi nimekaa mlangoni. Ameandika, akafuta, akaandika. Nimeona tiki moja. Yule binti atakuwa amelala, au naye ametubloki.

Chaki_Nyeupe
Asubuhi wewe pia mwandikie, kwa jina lako na kwa simu yako, useme ni wewe uliyeandika. Usimwachie mdogo wako kazi ya kukusafisha. Wakipatana, wapimane jioni, saa 1 hadi saa 2, mchana kweupe wakiweza wikiendi, na saa 3 simu iende sebuleni pamoja na ya kwako. Wiki 9 zinatosha kwa mtu aliyewahi kuwa kwenye 70. Nimewaona wa hivyo.

Kidoti
Na Jumatatu?

Mzaliwa_wa_Kwanza
Nusu niliyolipa nimeambiwa hairudi. Nilitaka kuanza kuwaeleza kwa nini bado bweni ni zuri, nikafuta. Nitamuuliza yeye akiamka. Sasa hivi amelala, simu iko mkononi mwake, sijaigusa.