Mfuko wa huruma wa jumuiya: tufanyeje ili anayesaidiwa asione haya kurudi kusali?

Mhazini wa Jumuiya (Morogoro)

Tumsifu Yesu Kristo.

Mimi ni mhazini wa jumuiya ndogo ndogo yenye kaya 31 katika parokia moja ya mjini Morogoro, na ninaandika kwa sababu kuna jambo linaloninyima usingizi kwa wiki ya pili sasa.

Jumuiya yetu husali kila Jumamosi saa 12:30 asubuhi, nyumba kwa nyumba kwa zamu. Tunasoma Injili ya Dominika inayofuata, tunashirikishana, tunaomba, kisha katibu anatoa matangazo: kama wiki hii zamu ya usafi wa kanisa ni yetu, nani atasoma somo na nani watapeleka matoleo, mgonjwa gani aandikwe kwa ajili ya Komunyo ya Ijumaa ya kwanza. Baada ya hapo ndipo linafunguliwa daftari langu. Kila kaya hutoa shilingi 1,000 kwa wiki kwa ajili ya mfuko tunaouita mfuko wa huruma, ambao huwanunulia wagonjwa na wazee unga, maharage, mafuta na mche wa sabuni, na hutoa pia rambirambi mwanajumuiya anapofiwa. Mwaka jana tulikubaliana kwamba kila mwisho wa mwezi majina ya wenye madeni yasomwe mbele ya wote, na kwamba kaya yenye deni la miezi mitatu isihesabiwe kuwa hai. Nami nilikuwa miongoni mwa waliopendekeza hivyo, kwa kuwa mfuko ulikuwa umebaki na shilingi 14,000 tu, huku tukiwa na wagonjwa wawili kitandani.

Kuna bibi mmoja mjane anayelea wajukuu wawili. Kwa miaka yote niliyomfahamu hakuwahi kukosa jumuiya, na ndiye aliyekuwa akituanzishia nyimbo. Baada ya jina lake kusomwa mara ya pili hakuonekana tena. Nilipokwenda kumjulia hali, kabla hata sijakaa, alifungua pindo la kanga yake, akatoa noti ya shilingi 1,000 na sarafu chache, akaniambia, "Mwanangu, nimepunguza kidogo, nyingine nitaleta nikiuza mboga." Alidhani nimekuja kudai. Mkononi nilikuwa nimebeba unga wa kilo 5 ulionunuliwa kwa fedha za mfuko huohuo, na sikujua niuweke wapi.

Ninaomba ushauri wenu, hasa ninyi mlioongoza jumuiya kwa muda mrefu. Tufanyeje ili mfuko uendelee kuwa na fedha na hesabu ziwe wazi, lakini mtu ambaye mfuko ulianzishwa kwa ajili yake asifukuzwe nao? Na je, ipo haki yoyote ya kumnyima mwamini huduma kwa sababu ya deni la mchango?

Katekista mstaafu (Moshi)

Milele amina, mama mhazini, na pole kwa mzigo huo. Nimekuwa katekista kwa miaka 34 katika vigango vitatu, na pindo hilo la kanga nimeliona likifunguliwa mbele yangu zaidi ya mara moja.

Nianze na swali lako la mwisho: haki hiyo haipo. Sheria Kanuni za Kanisa za mwaka 1983, katika kanuni ya 848, zinamtaka mhudumu wa sakramenti asidai chochote zaidi ya sadaka zilizopangwa na mamlaka halali, na aangalie daima kwamba wahitaji hawakosi sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kanuni ya 1181 inasema vivyo hivyo kuhusu mazishi. Wapo viongozi wanaoitaja kanuni ya 222 kwamba waamini wana wajibu wa kulisaidia Kanisa katika mahitaji yake, na ni kweli inasema hivyo, lakini kanuni hiyohiyo, katika sehemu yake ya pili, inawapa waamini wajibu wa kutetea haki katika jamii na kuwasaidia maskini kwa mali yao wenyewe. Sehemu ya pili ni nadra kuisikia ikisomwa.

Hata hivyo, nionavyo mimi, chanzo cha tatizo lenu kimo ndani ya daftari. Mmetia mambo mawili yasiyofanana katika mfuko mmoja. Rambirambi ni kusaidiana: leo ninakuzika wewe, kesho utanizika mimi, na kila mtu anatoa akijua kwamba zamu yake ya kupokea itafika. Jambo la namna hiyo linaweza kuwa na kanuni za uanachama, kiwango na hata muda wa kuvumiliana, ingawa hata hapo maskini hazikwi kama mgeni. Sadaka kwa wahitaji ni jambo jingine kabisa. Haina uanachama, haina zamu, na anayeipokea hana deni kwa mtu. Mlipoviweka pamoja, sheria za rambirambi zikaitawala huruma, na ndiyo maana bibi akawa mdaiwa wa fedha ambazo zilipaswa kumfuata nyumbani kwake.

Tenganisheni, basi, madaftari mawili na visanduku viwili. Zaka inabaki katika bahasha yake kama kawaida, inakwenda parokiani. Michango ya ujenzi nayo ina njia yake. Kilichotolewa kwa ajili ya wahitaji kisiguswe kwa jambo jingine, hata kama ni turubai la msibani, kwa kuwa kanuni ya 1267 inasema wazi kwamba sadaka zilizotolewa na waamini kwa lengo maalumu zitumike kwa lengo hilo tu.

Nikumbushe pia tulikotoka. Maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walipokutana Nairobi mwaka 1973, na tena mwaka 1976, waliamua kwamba jumuiya ndogo ndogo ziwe msingi wa uchungaji katika Afrika Mashariki. Parokia ilikuwa kubwa mno, na paroko hawezi kujua kwamba jiko la nyumba fulani halijatoa moshi tangu jana, jirani anajua. Mitume nao walipolalamikiwa kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 6, waliweka watu saba wa kushughulikia ugawaji. Waliobadilishiwa utaratibu walikuwa wagawaji, wajane hawakuwekewa sharti lolote jipya.

Mwenyekiti wa jumuiya (Mwanza)

Shikamoo, mzee katekista. Ninakubaliana nawe kuhusu kutenganisha mifuko, ila naomba nieleze upande mwingine, kwa sababu si haki kuwaona wanaosoma majina kuwa watu wasio na moyo.

Katika jumuiya yetu tuliacha kusoma majina baada ya paroko msaidizi kutushauri. Ndani ya miezi sita kaya zilizokuwa zikitoa zilishuka kutoka 27 hadi 9. Nilipolipitia daftari niliona jambo lililonihuzunisha sana: walioendelea kutoa walikuwa akina mama wanaouza dagaa na mboga, fundi baiskeli mmoja na mzee mstaafu, ilhali wenye maduka na wenye mishahara ndio walioacha. Mwezi wa saba mtoto wa jirani yetu alilazwa, tukafungua sanduku, tukakuta fedha zisizotosha hata nauli ya kwenda hospitali na kurudi. Jumuiya isiyodai hufika mahali ikawa na maneno mazuri tu.

Tulichofanya baadaye ni hiki. Mimi na mhazini tulikwenda usiku, nyumba moja baada ya nyingine, kwa wale tunaojua wana uwezo. Hatukuwatajia deni. Tulikwenda na hesabu: kilichoingia, kilichotoka, mgonjwa aliyesaidiwa bila kutajwa jina, na pengo lililobaki. Wengi walitoa palepale, na mmoja aliahidi kilo 10 za mchele kila mwezi na hajawahi kukosa. Tangu hapo tunasoma jumla ya mapato na matumizi kila mwisho wa mwezi, kwa shilingi na senti, na hatusomi jina la mtu. Kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wa mali ya Kanisa wawape waamini hesabu ya kile walichokitoa, na mimi ninaamini watu huchoka kutoa pale wasipojua fedha ilikwenda wapi, kuliko wanavyochoka kwa sababu ya umaskini.

Kwa hiyo, dada mhazini, usilifunge daftari lako. Libadilishe lielekee kwa wanaoweza.

Mwanachama wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo (Nairobi)

Amani ya Kristo kwenu nyote. Katika chama chetu kuna desturi mbili ambazo zinaweza kufaa katika jumuiya yoyote, iwe Morogoro au hapa Nairobi.

Ya kwanza ni mfuko wa siri. Katika kila mkutano, mfuko wa kitambaa hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na kila mmoja huingiza ngumi iliyofungwa. Hakuna anayejua mwenzake ameweka nini. Mkono wa asiye na kitu huingia na kutoka sawasawa na wa mwenye noti, na hakuna mtu anayelazimika kujieleza. Nimesikia wengi siku hizi wakipendelea michango itumwe kwa simu ili kumbukumbu zibaki, na kwa harusi au ujenzi sina pingamizi, lakini kwa mfuko wa wahitaji kumbukumbu hiyo ya kila jina na kila kiasi ndiyo inayowafanya wenye kidogo wajifiche.

Ya pili ni kutembelea nyumbani, wawili wawili, kila wiki. Frederic Ozanam alikuwa na umri wa miaka 20 alipoanzisha chama hiki pamoja na wanafunzi wenzake huko Paris mwaka 1833, na Sista Rosalie Rendu, aliyekuwa akiwahudumia maskini wa mtaa wa Mouffetard, ndiye aliyewaonyesha nyumba za kwenda na namna ya kuingia humo. Tumefundishwa kwamba mgeni huketi kwanza. Unauliza habari za wajukuu, za shamba, za goti linalouma. Kama mwenyeji anachambua mboga, unachambua naye. Mzigo uliobeba unauacha karibu na mlango unapoondoka, wala haupewi hotuba. Tunakwenda wawili kwa sababu fedha si zetu na shahidi ni lazima, na pia kwa sababu mmoja akishindwa kuzungumza mwingine ataendelea.

Ulisema hukujua uuweke wapi unga ule. Ninadhani ulikuwa na haraka kidogo ya kuutoa, nami nimewahi kufanya kosa hilohilo. Rudi kwake mikono mitupu mara moja, ili ajue kwamba unakuja hata pasipo kudai na pasipo kuleta.

Mama wa WAWATA, Wanawake Wakatoliki Tanzania (Dodoma)

Nitasema mambo mawili tu, kwa kuwa wenzangu wameeleza vizuri.

Mwanangu mhazini, chunguza pia suala la chai. Kwetu jumuiya iliposaliwa nyumbani kwa mtu, mwenye nyumba alijiona analazimika kuandaa chai ya maziwa, maandazi, wakati mwingine na mayai, na jirani aliyefuata akaongeza chapati. Akina mama wawili walikuwa wakiiruka zamu yao kwa visingizio vya safari hadi tulipogundua kwamba hawana sukari ya watu 30. Tukaamua kwa pamoja kwamba hakuna chai nyumbani kwa yeyote, hata kwa mwenye uwezo mkubwa. Tunasali, tunafurahia kuonana, tunakwenda kazini. Walirudi wote wawili ndani ya mwezi huo.

La pili ni picha. Tangu Papa Fransisko aanzishe Siku ya Maskini Duniani, iliyoadhimishwa kwa mara ya kwanza tarehe 19 Novemba 2017, parokia nyingi huandaa chakula na zawadi katika Dominika ya 33 ya Kipindi cha Kawaida cha Mwaka wa Kanisa, na ni jambo jema sana. Lakini niliwahi kumwona mzee wa watu akishikishwa ndoo na kitenge mbele ya altare, akipigwa picha, na jioni picha hiyo ikawa katika kundi la WhatsApp ambamo wakwe zake wamo. Zawadi aliipokea, ila Dominika iliyofuata alikwenda kusali kigango kingine, kilomita nne kwa miguu. Msipige picha.

Mhazini wa Jumuiya (Morogoro)

Nawashukuru sana, wazee wangu na ndugu zangu. Niliyapeleka mawazo yenu kwa mwenyekiti na katibu, na Jumamosi iliyopita tukayaweka mbele ya jumuiya nzima.

Mabishano yalikuwapo, hasa kuhusu kuacha kusoma majina, na hoja ya mwenyekiti wa Mwanza ndiyo iliyowatuliza wengi. Tumetenganisha mifuko. Rambirambi imewekewa kiwango chake cha shilingi 500 kwa wiki, na asiyeweza atasema kwa mwenyekiti peke yake. Mfuko wa wahitaji utapitishwa kwa siri, na mama mmoja fundi cherehani ametushonea wa kitambaa cheusi usioonyesha kilichomo. Jumamosi hiyo ya kwanza zilipatikana shilingi 23,400, bila kutajwa jina la mtu. Chai nayo imefutwa, na walioshangilia walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia.

Kwa bibi nilikwenda Jumanne nikiwa na mama mwenzangu, mikono mitupu kama nilivyoshauriwa. Tulichambua naye mchicha wa mafungu karibu ishirini. Nilimwambia kwamba madeni yote ya mfuko wa zamani yamefutwa kwa kila kaya, na kwamba mimi binafsi nilikosea. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza zamu ya nyumba yake ni lini. Tumeiandika Jumamosi ijayo. Ameomba Injili isomwe na mjukuu wake wa darasa la sita, kwa sababu miwani yake ilivunjika tangu Pasaka na hajaweza kununua nyingine. Katika daftari jipya la wahitaji, mstari wa kwanza umeandikwa: miwani ya kusomea, jozi moja.