Naomba ushauri: mfumo wa nyota wa kubuni uliogeuka uwanja wa vita, mapambano yatokee wapi?

Mwandishi wa Uyole (Mbeya):

Wakuu salaam, shikamooni wakubwa. Naandaa katuni ya mfululizo kwa ajili ya klabu za sayansi za sekondari hapa Mbeya. Inahusu mfumo wa nyota uitwao Rungwe, ambao pande mbili zimeugombania mpaka umekuwa uwanja wa vita. Nilichonacho ni hiki:

Nyota ya rangi ya machungwa, uzito wake 0.64 ya Jua letu. Sayari yenye watu, Kitulo. Jitu la gesi, Ngosi, lenye uzito sawa na Mshtarii (Jupita). Mwezi wa Ngosi uitwao Loleza, umejaa barafu, na ndio unaogombaniwa. Kuna nyota ya pili pembeni, na katikati kuna ukanda wa asteroidi ambamo meli za waasi hujificha. Leza za meli ni za megawati 3 na zinapiga umbali wa kilomita milioni 1.

Sayari ziwe umbali gani? Safari ichukue siku ngapi? Na vita vikubwa vipiganwe wapi? Wasomaji ni kidato cha tano na sita, hesabu watazirudia wenyewe, kwa hiyo sitaki namba za kubuni ovyo. Nawasilisha.

Isangati:

Mkuu, nyota uliyochagua ni nzuri. Nyota vibete nyekundu nyingi zina tabia ya kulipuka miale mara kwa mara, hii ya machungwa imetulia.

Nyota ya uzito huo hutoa kama 16% ya mwanga wa Jua. Kipeuo cha pili cha 0.16 ni 0.4, kwa hiyo Kitulo ikae kizio astronomia 0.4 kutoka kwenye nyota (kizio 1 ni kilomita milioni 150) ili ipate joto kama la Dunia. Ngosi iweke kwenye 1.6. Muda wa mzunguko: umbali kipeo cha 3, gawanya kwa uzito wa nyota, toa kipeuo cha pili. Kitulo inapata siku 115, Ngosi siku 924.

Nyota ya pili isisogee karibu. Kanuni ya makadirio ni kwamba sayari ya nje kabisa isivuke moja ya tano ya umbali ambao nyota hizo mbili hukaribiana zaidi. Ngosi iko 1.6, basi nyota ya pili isikaribie chini ya vizio 8. Mfano halisi ni Alpha Centauri A na B: zinakaribiana hadi vizio 11, zinaachana hadi 36, mzunguko mmoja miaka 80 hivi. Wapeleke wanafunzi nje mwishoni mwa Juni, saa 3 usiku, anga la Mbeya likiwa kavu. Watazame kusini, nyuzi kama 38 juu ya upeo. Kwa macho ni nyota moja, kwa darubini ndogo zinatengana.

Kihesa Juu (Iringa):

Naongezea safari. Njia inayokula mafuta kidogo ni nusu ya duaradufu inayogusa obiti zote mbili. Kwa namba za Isangati ni siku 228. Nafasi ya kuondoka Kitulo inarudi kila baada ya siku 132.

Ziangalie vizuri hizo namba mbili. Kikosi cha pili kinaondoka siku ya 132, wakati kikosi cha kwanza kimebakiza siku 96 njiani. Kamanda lazima aamue kutuma askari wa nyongeza kwenye vita ambavyo havijaanza. Hapo una sura nzima ya katuni. Nuru nayo inachukua dakika 10 kutoka Kitulo hadi Ngosi zikiwa karibu na karibu dakika 17 zikiwa mbali, kwa hiyo usimchore mkuu wa majeshi akiwa Kitulo anaongoza pambano kwa redio. Aliye Ngosi ndiye anayeamua.

Kasi: kuondoka obiti ya Kitulo kunataka kilomita 10 kwa sekunde, kulinganisha mwendo na Ngosi kunataka 6.9, bila kuhesabu uvutano wa sayari zenyewe. Jumla 16.9. Injini ya haidrojeni na oksijeni inatoa gesi kwa 4.5. Gawanya upate 3.76, kisha e (namba 2.718) kipeo 3.76 ni 43. Tani 1 inayofika Ngosi inadai tani 43 wakati wa kuondoka. Hakuna jeshi litakaloweza hilo kwa wingi.

Mama Makambako:

Mwanangu wa Uyole, leza hiyo irekebishe. Upana wa doa la mwanga ni 2.44 mara urefu wa wimbi mara umbali, gawanya kwa upana wa kioo. Kioo cha mita 2 na wimbi la mikromita 1: kwa kilomita 1,000 doa lina mita 1.2, linatoboa. Kwa kilomita milioni 1 doa lina upana wa kilomita 1.2, na megawati zako 3 zinageuka chini ya wati 3 kwa mita ya mraba. Jua letu linatupa wati 1,361 kwenye mita hiyo hiyo juu ya angahewa ya Dunia. Weka umbali wa mapigano kilomita 1,000, usizidishe sana.

Halafu joto, ambalo wachoraji wengi hulisahau. Leza ya ufanisi wa robo ikitoa megawati 3, megawati 9 zinabaki ndani ya meli. Hakuna hewa ya kuzipeleka, zinatoka kwa kung'aa tu kupitia rejeta. Rejeta ya nyuzi 27 za Selsiasi inayong'aa pande zote mbili inahitaji mita za mraba 9,800. Ukiipandisha hadi nyuzi 527, zinatosha 195. Kwa hiyo chora mabawa yanayong'aa mekundu kwa joto, na ujue adui atayalenga hayo kwanza. Rejeta ikitoboka, leza inazimwa ndani ya muda mfupi au inaiva.

Joto hilo hilo ndilo linalokataa kujificha. Nyuma ya meli kuna giza la nyuzi 270 chini ya sifuri, meli inaonekana tu.

Mwandishi wa Uyole:

Shikamoo mama, nimeelewa. Je, hata kwenye asteroidi hawawezi kujificha?

Mbozi Chuma (Songwe):

Ukanda halisi hauna msongamano huo. Chombo cha anga Pioneer 10 kiliuvuka ule wa kwetu kuanzia 1972 bila kugusa chochote cha maana, na vyombo vilivyofuata vilifanya hivyo pia. Kati ya mwamba mmoja mkubwa na mwingine ni mamia ya maelfu ya kilomita.

Ukanda wako upe kazi nyingine: kiwanda. Kimondo chetu cha Mbozi pale Ndolezi ni chuma kwa takriban asilimia 90, na nikeli karibu 9. Asteroidi ya aina hiyo yenye kipenyo cha mita 100 ina uzito wa tani milioni 4. Waasi wapate chuma huko, na Loleza wapate maji ya kutengenezea haidrojeni na oksijeni. Hiyo ndiyo sababu ya vita: mwenye Loleza ndiye mwenye mafuta ya kurudi nyumbani.

Kihesa Juu:

Sasa jibu la wapi. Ile 6.9 ya kufika inaweza kupunguzwa. Meli ikipita karibu kabisa na mawingu ya Ngosi, uvutano unaipandisha kasi hadi kilomita 60 kwa sekunde, na hapo kupunguza 0.4 tu kunatosha inaswe. Tani 43 zinashuka hadi 10. Juno, chombo cha NASA, ilifanya hivyo Mshtarii Julai 2016: injini iliwaka dakika 35 na kupunguza mita 542 kwa sekunde.

Kwa hiyo kila kikosi kitapita pale pale, kwa saa inayojulikana miezi kabla. Ni kama mlima Kitonga kule Iringa. Lori zote za Tunduma zinapanda kona zile zile, na anayetaka kufunga barabara hahangaiki kwingine. Vita vikubwa viwe hapo.

Ila mnururisho wa hapo unaua. Meli iwe na chumba cha titani kama cha Juno na ipite kwa saa chache tu. Loleza nayo iweke mbali, kilomita milioni 1.88 kama Kalisto, mwezi wa Mshtarii, mzunguko siku 16.7. Ukiiweka mahali pa Europa, mwezi mwingine wa Mshtarii ulio karibu zaidi, mchimbaji asiye na ngao anapata sieverti 5 (kipimo cha mnururisho unaoingia mwilini) kwa siku moja.

Mbozi Chuma:

Na silaha ya hapo ni kokoto za chuma. Gramu 1 kwa kilomita 60 kwa sekunde ina megajuli 1.8, sawa na gramu 430 za TNT. Tani 1 ya kokoto hizo ukiitawanya kwenye duara la upana wa kilomita 10, meli yenye uso wa mita za mraba 200 inapigwa mara 2 au 3.

Isangati:

Hapo sikubali moja kwa moja, mkuu. Ukizimwaga mapema zinakwepwa kirahisi: mita 1 kwa sekunde, siku 30 kabla, inasogeza meli kilomita 2,600. Hata dakika 10 kabla, injini yenye nguvu ya kiasi cha Juno inasogeza kilomita 46.

Mbozi Chuma:

Kweli, basi zimwagwe wakati wa kufunga breki. Kwa injini hiyo hiyo, kupunguza 0.4 ni dakika 26. Kokoto zitolewe kilomita 10,000 hivi mbele ya meli, zifike baada ya dakika 3. Rubani akiigeuza meli akwepe, anapoteza dakika za breki. Akizipoteza nyingi hanaswi, anapitiliza Ngosi akiwa hana mafuta. Akishikilia breki anapigwa. Mwandishi, hizo dakika 26 zipe kurasa nyingi kuliko zile siku 228.