Chombo cha Mwezini kinachotumika tena: kifanye safari nzima au sehemu yake tu?

Mdadisi wa Anga:
Ndugu zangu, naomba mnisaidie kulielewa jambo moja. Tangu hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini, ya roketi ya Falcon 9 ilipotua wima mwaka 2015, na nyingine ikarushwa kwa mara ya pili mwaka 2017, wengi tunaamini kwamba utumiaji wa roketi upya umekwisha kupatiwa ufumbuzi. Hata hivyo, vyombo vyote vilivyowashusha watu 12 Mwezini kati ya mwaka 1969 na 1972 vilitumika mara moja tu: sehemu ya chini ilibaki kule kule, na ya juu iliachwa baada ya kuwarudisha wanaanga kwenye chombo mama. Kwa nini kisitengenezwe chombo kimoja kitakachochukua watu na shehena kutoka duniani, kikatua Mwezini, kikarudi, kikajazwa mafuta na kuondoka tena, kama meli baina ya bandari mbili?

Hesabu za Obiti:
Ndugu Mdadisi, kikwazo kikubwa ni uzito wa mafuta. Kutoka obiti ya chini, yaani njia ya kuizunguka Dunia kwa karibu, hadi kwenye uso wa Mwezi, chombo hulazimika kubadili kasi yake kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde: kama 3.2 za kuondoka, 0.9 za kuingia obiti ya Mwezi na 1.9 za kushuka. Kikitaka kurudi kilikoanzia kwa nguvu ya injini peke yake, kitahitaji kiasi hicho hicho tena, yaani 12 kwa jumla. Mlinganyo ambao mwanasayansi wa Urusi Konstantin Tsiolkovsky aliuchapisha mwaka 1903 unaonyesha kwamba kasi ikijumlishwa, uzito huzidishwa. Kwa injini ya methani, ambayo gesi zake hutoka kwa takriban kilomita 3.7 kwa sekunde, chombo cha kwenda tu huondoka kikiwa na uzito wa mara 5 ya ule unaofika. Cha kwenda na kurudi huhitaji zaidi ya mara 25. Kinachoshuka na kupanda baina ya obiti ya Mwezi na uso wake huhitaji chini ya mara 3. Kwa maoni yangu, basi, chombo cha kutumika tena kinapaswa kuishi huko huko, na watu wapelekwe kwa chombo kingine.

Ngao ya Joto:
Naunga mkono, ingawa mwenzangu ameacha njia moja, nayo ni kupunguza kasi kwa kutumia angahewa ya Dunia, ambako mafuta mengi ya kurudia huokolewa. Njia hiyo ina gharama yake. Chombo kitokacho Mwezini huingia angahewa kwa kilomita 11 hivi kwa sekunde, ilhali kile cha obiti ya chini huingia kwa chini ya 8, na joto huongezeka kwa kiwango kikubwa kuliko kasi yenyewe. Desemba 2022, chombo cha Orion, kilichoundwa na shirika la anga la Marekani (NASA) kubeba wanaanga, kilirudi salama bila watu, lakini ngao yake ya kukinga joto ilipoteza vipande kwa namna ambayo wahandisi hawakuitarajia. Kuibeba ngao nzito hadi kwenye uso wa Mwezi, mahali pasipo na hewa, kisha kuipandisha tena, ni kuilipia mafuta pasipo faida yoyote. Ndiyo maana NASA, ilipozichagua kampuni za SpaceX mwaka 2021 na Blue Origin mwaka 2023 kutengeneza vyombo vya kutua Mwezini, ilipanga wanaanga warudi duniani kwa Orion.

Mdadisi wa Anga:
Nashukuru sana. Je, chombo kinachoishi huko kitapata wapi mafuta?

Hesabu za Obiti:
Mwanzoni yatatoka duniani, na hapo ndipo penye ugumu. Vyombo vya mizigo vya Urusi viitwavyo Progress vimekuwa vikijaza mafuta vituo vya anga tangu kituo cha Salyut 6 mwaka 1978, ila mafuta hayo hukaa katika hali ya kimiminika bila kupozwa sana. Yale ya vyombo vya Mwezini ni tofauti: oksijeni huchemka kwa nyuzi -183 za Selsiasi, methani -161 na haidrojeni -253, kwa hiyo tangi linalopigwa na jua hupoteza sehemu ya mafuta kila siku. Tumaini langu kubwa liko kwenye oksijeni, kwa sababu injini ya methani huihitaji, ili methani iungue, kwa zaidi ya robo tatu ya uzito wa mafuta yote, na udongo wa Mwezi una oksijeni kwa zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake. Hata methani ikiendelea kutoka duniani, mzigo wa kupelekwa ungepungua mno.

Ngao ya Joto:
Naomba niongeze suala la vumbi, linalosahaulika mara nyingi. Apollo 12 ilipotua mwaka 1969 umbali wa mita 160 hivi kutoka Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotangulia kutua hapo, mchanga uliorushwa na injini ulikichubua chombo hicho, na alama zake zilionekana kwenye vipande vilivyorudishwa duniani. Chombo kinachotua mara nyingi mahali pamoja kitavipiga vifaa vilivyo jirani kila safari, na injini zake hazitakuwa na karakana ya kukaguliwa. Kwa sababu hiyo ningependa safari za kurudia zianze na shehena peke yake, na watu wapande chombo cha aina hiyo baada ya kuonekana kikishuka na kupanda mara kadhaa bila hitilafu. Kabla ya hapo, pawepo kiwanja kigumu cha kutulia, kilichotengwa mbali na makazi.