Hela ya dawa ya buibui sitoi, na msinipigie simu tena

Wakuu salaam, leo naandika nikiwa nimewaka kwa hiyo mnivumilie.

Nimepanga Ilazo hapa Dodoma, zile nyumba za wapangaji wengi geti moja. Kila mvua zikianza tu, Desemba hiyo, kuna mama mmoja wa vyumba vya mbele akiona buibui ukutani ni ukunga mpaka mtaa wa pili wanatoka nje, halafu picha inarushwa kwenye grupu la wapangaji imevutwa karibu mpaka buibui anaonekana mkubwa kuliko mlango, "jamani tumevamiwa", na kabla hujamaliza kula mwenye nyumba keshatangaza elfu kumi kila chumba, jamaa wa kupulizia anakuja Jumamosi. Hamna aliyeulizwa. Ukichelewa kutoa unaandikwa jina kama mdaiwa sugu.

Sasa nauliza, hao buibui wamemfanya nini mtu?

Hawa tunaowaona ndani ni wale bapa, kila aliyekulia Dodoma anawajua, mwili kama umepigwa pasi, kijivu na madoadoa, miguu imetandazwa ubavuni. Anakaa pale juu ya mita ya umeme ya LUKU usiku kucha hatikisiki, ukimsogelea anafyatuka kiubavu yuko nyuma ya kalenda. Vile viduara vyeupe vilivyobandikana na ukuta ambavyo mnavikwangua na kisu mkidhani ni chokaa imebanduka, ndo mayai yake. Halafu kuna wale wa kahawia wakubwa zaidi, miguu ikitandazwa inajaa kiganja cha mtu mzima, jike utamkuta kakumbatia kifuko cha mayai chini ya tumbo anatembea nacho. Wote hawa hawatandi utando wa kunasia, wanawinda kwa miguu. Wanataka mende, nyenje na nondo. Wewe wanakukimbia, labda umbane kwenye nguo au umshike ndo atakung'ata, utaumia, patavimba kidogo, patapoa.

Kuna usiku umeme ulikatika nikawa na tochi ya simu jikoni, nikamuona mmoja wa bapa kamvamia mende pembeni ya sinki. Hakumnyemelea wala nini, mende kapita tu mbele ya mguu jamaa kageuka mzimamzima kampata, miguu ya mende inakwaruza vigae krr krr krr, dakika mbili baadae kimya na jamaa anatafuna. Huyo ndo mnanichangisha elfu kumi nimuue.

Sasa hoja yao kubwa, "mwanangu kakojolewa na buibui". Aisee hii inanitoa povu. Kile kidonda cha kuungua, mstari mwekundu wenye malengelenge shingoni au karibu na jicho, mara nyingi ni nairobi fly. Kadudu kembamba, kana rangi ya chungwa na nyeusi, ukikaangalia haraka unaweza kudhani sisimizi, kumbe ni jamii ya mbawakawa. Hakang'ati. Kanatua shingoni unakaponda kwa kiganja, maji yake ndo yanaunguza ngozi, na mara nyingi hushtuki mpaka kesho yake. Kapeperushe, usikaponde, na ukishakaponda osha kwa sabuni na maji mengi na usipeleke mkono jichoni. Kanakuja na mvua na kanafuata taa. Wengine malengelenge yamepanga mstari upande mmoja wa mwili na maumivu yanachoma, huo ni mkanda wa jeshi, nenda hospitali, unampaka buibui matope bure.

Na huyo jamaa wa kupulizia sasa. Anakuja na bomba la mgongoni lilelile analopulizia nyanya shambani, dawa iko kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu haina lebo, ukimuuliza ni dawa gani anasema "kali hii bosi". Kali kwa nani? Kiuatilifu kinachouzwa kihalali nchi hii kinasajiliwa TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kina lebo inayosema kinatumika wapi, kwa kipimo gani na ukae nje muda gani. Dawa ya shamba ni ya shamba. Huyu anapulizia mpaka kwenye kabati la vyombo, watoto wanarudi kutoka kucheza wanalala kwenye godoro bado limelowa, mama mtu anasema harufu imekaa vizuri, inaua. Inaua kweli!

Na matokeo yake tunayaona. Buibui aliyepuliziwa hafi palepale, anachanganyikiwa, anatoka mafichoni anakimbia hovyo hovyo sebuleni, ndo kelele zinaongezeka. Wakishaisha, baada ya muda mende wako kila kona, kwa sababu ile dawa inaua mende wakubwa ila kwenye kifuko cha mayai haipenyi vizuri, na hawa mende wadogo wa jikoni kifuko kimoja kinatoa 30 mpaka 40. Wanaanguliwa wanakuta nyumba haina mlinzi. Afu eti tuchange tena, dawa ya mende.

Sisemi kila mwenye miguu minane ni rafiki. Yule mkubwa wa manyoya anayekaa shimoni nje huko kwenye mawe, mwache, waambieni watoto wasimchokoe na kijiti, anang'ata na maumivu yake sio ya utani. Nge ndo kabisa, kung'uta viatu. Yule wa njano anayekimbia kama pikipiki usiku eti "anakufukuza" wala sio buibui kamili na hana sumu, usiku anafuata mwanga, mchana kivuli chako, simama pembeni uone kama hajapitiliza.

Halafu mnajua kabisa hao buibui wanaingilia wapi. Taa ya nje ya mwenye nyumba ni nyeupe kali inawaka magharibi mpaka asubuhi, mvua ya kwanza ikinyesha kumbikumbi wanajaa mlangoni, buibui afanye nini? Chini ya milango yetu panapita kidole. Dari ya korido imefunguka tangu fundi wa umeme apande na hajarudishia, matofali yaliyobaki ya ujenzi yamerundikwa ukutani yameota majani. Nimemwambia mwenye nyumba kwa mdomo, nimemwambia kwa meseji, anajibu "sawa mkuu tutaliangalia". Elfu kumi zetu anaziangalia haraka sana.

Na nyie mliohamia na serikali kuanzia 2016 huko, karibuni sana Dodoma, ila Ilazo, Iyumbu, Nzuguni mpaka Mtumba juzi tu kulikuwa miiba na mawe. Buibui tumewakuta.

Msimamo wangu ndo huu. Sitoi. Jumamosi chumba changu hakipuliziwi, nafunga na naondoka na ufunguo. Wa kwangu akinisogelea kitandani namfunika na bakuli, napitisha kipande cha boksi chini, namtoa nje, kazi imeisha. Ila ya kufunga ile dari, kubadili taa iwe ya njano na kuweka mipira chini ya milango natoa hata elfu ishirini, leo hii. Mwenye fundi wa dari asiye na longolongo maeneo ya Ilazo au Kisasa aniachie bei yake hapa.