MREJESHO: Lenzi ya mama inayorekebishwa kwa mwanga

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza hapa kama lenzi ya bandia inarekebishika ikishapandikizwa jichoni. Mama ninaishi naye Houston, alikuwa anatolewa mtoto wa jicho, na daktari akampa chaguo la lenzi inayobadilishwa umbo kwa mwanga wa urujuanimno, aina iliyoidhinishwa Marekani 2017. Tuliichukua.

Operesheni haina stori. Kazi ilikuwa miwani ya kuzuia mwanga huo: kutwa nzima, hata ndani ya nyumba, ili jua lisiivuruge lenzi kabla haijafungwa, yaani kufanywa isibadilike tena. Siku moja nikamkuta bi mkubwa jikoni kaipandisha kichwani, anachambua mchele dirishani. Nusura tugombane.

Baada ya wiki tatu akapimwa kama mtu anayetaka miwani, kisha akapigwa mwanga, kama dakika moja na nusu hivi. Marekebisho matatu, halafu mara mbili za kuifunga. Hapo haibadilishwi tena. Yule aliyenijibu hapa mwezi wa tatu kuwa tusiharakishe kuifunga, ulisema kweli: marekebisho ya pili alilalamika taa za magari, ya tatu yakamtuliza.

Jana kasoma maandishi ya chupa ya dawa bila miwani. Ila bima haikugusa gharama ya ziada ya lenzi. Hiyo bado inaniuma.